Napanda, Mama

Natua mtungi!

— Tua, tukupokee.

Una maji au mkavu?

— Mimina, tuone.

Nikimimina yakamwagika?

— Tutayazoa na tope lake.

Basi sogeeni. Na wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa umalize, maana kuna mahali nitafika sitaki kusikia sauti ya mtu.

Palikuwa na mto, na kando ya mto palikuwa na kijiji, na kijiji chenyewe kiliitwa Topejema. Kiliitwa hivyo kwa sababu watu wake waliishi kwa tope. Unacheka? Wewe unaishi kwa ugali, na ugali ni mahindi, na mahindi hayaoti mawinguni.

Kila mwaka mto ule ulifurika ukaingia mashambani. Lakini uliingia taratibu. Leo unalowesha nyasi, kesho uko vifundoni, keshokutwa magotini. Watu walikuwa na madungu, vijumba vya miguu mirefu vilivyosimama juu ya nguzo humo humo mashambani. Maji yakija walikaa juu, wakavua kambale mlangoni, wakapiga soga, wakangoja. Mto hawakuuita mto. Waliuita Mgeni. "Mgeni kaja," walisema. "Mgeni kaaga." Kwa kuwa ulikuja na adabu zake, ukakaa, ukaondoka, na ukiondoka uliacha zawadi: tope jeusi, laini, nono, linalootesha chochote utakachotia.

Sasa siku ya kutia mbegu waliijuaje? Palikuwa na ndege. Kadogo tu, ka kahawia, kalijenga kiota chake kwenye matete, pale pale penye maji. Mgeni akishaaga, ndege yule hutoka akaimba. Akiimba anasemaje? Mimi nikinyoosha mkono, nyinyi ndio ndege.

— Panda, panda, panda!

Tena.

— Panda, panda, panda!

Na watu wakisikia hivyo, kila mmoja na jembe lake, mashambani. Wakapanda, wakavuna, wakala, wakazaa. Enzi na enzi.

Katika kijiji kile alikuwepo mwanamke, jina lake Somoe. Hakuzaliwa bondeni. Alizaliwa mlimani, kwa watu wa kule juu, akaja kuolewa Topejema. Mumewe alikufa mapema, akamwachia binti mmoja, Mwahija. Na watu wa mlimani na watu wa bondeni walikuwa watani. Mnaujua utani nyinyi, au mmezaliwa juzi? Mtani akikutukana hununi. Mtani akibeba kuku wako humshtaki. Unamfuata, unamkomboa kuku kwa kitu chochote, mnacheka, mnaachana. Na msibani, mtani ndiye anayeingia kaburini kabla ya maiti, akajilaza, akasema sitoki humu mpaka nilipwe, hadi wafiwa wanacheka na machozi yakiwa bado mashavuni. Kazi hiyo Somoe aliiweza kuliko wote. Watu wa Topejema walisema mtu akifa Somoe hayupo, bora amngoje.

Jambo moja tu. Utani haupiti kati ya mama na binti yake. Bibi na mjukuu, ruhusa. Mtu na shemeji yake, ruhusa. Mama na binti, mwiko. Hilo liwekeni kibindoni.

Mwahija akakua, akaolewa, akapata mtoto wa kike, Sikudhani. Mumewe alikwenda ng'ambo ya mto kutafuta vibarua, akakawia huko. Mwahija alikuwa mpole, mchapakazi, na mizaha ya mama yake ilimtia haya. Mama akianza vituko vyake uwanjani, binti anashika ndoo anakwenda kuchota maji ambayo hayahitaji. Lakini alimpenda. Jioni alimpelekea chakula kabla hajala mwenyewe.

Kisha mambo yakaharibika.

Mwaka mmoja Mgeni hakuja kabisa. Ardhi ikapasuka nyufa za kuingia mguu. Mwaka uliofuata akaja, lakini hakubisha hodi. Asubuhi hayupo, adhuhuri yuko shingoni. Akang'oa madungu na nguzo zake, akazoa mbuzi na kamba zao. Na ndege naye hakueleweka. Zamani aliimba Mgeni akishaondoka. Sasa akaanza kuimba Mgeni kabla hajafika. Anasemaje?

— Panda, panda, panda!

Watu wakapanda. Mgeni akaja nyuma, akazila mbegu zote ardhini. Njaa ikaingia Topejema, ikatandika mkeka.

Wengine wote waliutazama mto. Somoe alimtazama ndege. Akaona sauti haitoki matetini tena. Inatoka juu, upande wa mlima. Akaifuata, akapanda mlima hadi kwa kaka yake mkubwa. Kaka huyo aliitwa Mbonde, mtu wa mlimani mwenye jina la bonde, na kwa jina hilo alitaniwa maisha yake yote. Nyuma ya jiko la Mbonde, kwenye miiba, Somoe akakiona kiota. Ndege alikuwa amehama na makinda yake.

Akashuka mbio hadi kwa Mzee Mtulia. Mzee huyu ndiye aliyekuwa akitoa ruhusa ya kutia mbegu, na hakuna aliyewahi kuyaona meno yake kwa kicheko.

"Mzee Mtulia, yule ndege tumemsikia vibaya."

"Tumemsikiaje vibaya? Anasema panda."

"Anasema panda, ndiyo. Kwani ametaja mbegu? Anatuambia tupande mlima. Yeye mwenyewe kapanda. Kiota chake kiko nyuma ya jiko la kaka yangu."

Watu waliokuwa pale wakaangua kicheko. "Mtani kaishiwa," wakasema. "Anataka tukawapalilie kaka zake."

"Leo sitanii."

"Mtani akisema hatanii," akajibu Mzee Mtulia, "huo ndio utani wenyewe. Nenda, shemeji, tuna kazi."

Somoe akarudi nyumbani, akakaa kizingitini. Akawaza. Kusema hawasikii. Kulia hawaamini. Ana nini kingine mkononi? Ana utani. Basi akasema moyoni, watapanda tu, hata wakicheka.

Mwaka uliofuata, ndege alipoimba, Somoe akaingia ghalani kwa Mzee Mtulia, akabeba vibuyu vya mbegu za kijiji, akatimka navyo mlimani huku akiimba:

"Nimechukua, nimechukua,
mwenye mali anifuate.
Panda, panda, panda!"

Wanaume wakamfuata. Wakafika juu wanahema. Wakakomboa vibuyu kwa jogoo, jogoo akaliwa pale pale. Mbonde akawatembeza shambani kwake, akawaonyesha mistari ya mawe aliyopanga kukinga maji yasiteremke na udongo, na mtama uliosimama nyuma ya mawe yale. "Si mwingi," akasema, "lakini hauniachi." Wakautafuna, wakasema mtama wa mlimani unakwaruza koo. Wakapanda, wakacheka, wakashuka. Wakatia mbegu bondeni. Mgeni akaja, akazila.

Mwaka wa pili, ndege akaimba. Somoe akapita nyumba kwa nyumba, akabeba michi yote ya kutwangia. Hapana nyumba iliyobaki na mchi. Akatimka.

"Nimechukua, nimechukua,
mwenye mali anifuate.
Panda, panda, panda!"

Wanawake wakamfuata na mabinti zao. Mchi wa nyumbani kwa Mwahija peke yake ukarudishwa bila neno. Mama alimtuma mtu amwekee mlangoni, maana binti hadaiwi. Wengine wakalipa kwa ngoma, wakacheza hadi vumbi likawafika viunoni. Mke wa Mbonde akawapa vipando vya mihogo, wakavipokea kwa heshima, wakavitupa njiani kwa kuwa vilikuwa vizito. Wakapanda, wakacheka, wakashuka. Mgeni akaja.

Mnasema walikuwa wapumbavu. Nawaona mnavyotikisa vichwa. Tope lile lililea babu zao, na mkono uliokulea huuachi kwa sababu umekupiga kofi mara moja au mbili. Mimi siwacheki.

Mwaka wa tatu. Hapa ndipo sitaki kikohozi.

Ndege akaimba asubuhi. Mzee Mtulia akatoa ruhusa, watu wote wakaenda bondeni na mbegu za mwisho walizokuwa nazo. Somoe alishuka mtoni kuchota maji. Akakuta maji yamekuwa mekundu, na yanaleta matete yaliyong'oka na mizizi yake, mabua kwa mabua. Na mbali kule mto unakotoka, mbingu ilikuwa nyeusi tangu jana. Akauacha mtungi pale pale ukingoni.

Akaenda uwanjani walipokuwa wakicheza watoto. "Nani anataka kuona kiota cha ndege?" Wote walitaka. Akawapanga mstari, wakubwa wakabeba wadogo, Sikudhani akambeba mwenyewe mgongoni. Wakaanza safari ya mlimani.

Njia ilipita kando ya shamba la Mwahija. Somoe akasimama. Binti yake alikuwa ameinama, anafukua kwa jembe, anatia, anafukia.

"Mwahija, mwanangu."

"Mama, leo tena? Watu wako kazini."

"Wewe sijawahi kukutania hata siku moja. Namchukua Sikudhani, tunakwenda kwa mjomba wako. Mto haufai. Nawe panda, mwanangu. Panda sasa hivi."

Mwahija akainua uso. Akamwona mama yake na kundi lile la watoto, na mwanawe anamchekea kutoka mgongoni mwa bibi. Akatabasamu, akajipangusa jasho kwa kiganja.

"Napanda, mama," akasema.

Somoe akaenda zake, moyo umetulia.

Walipofika nusu ya mlima akageukia bonde, akaimba kwa sauti yake yote:

"Nimechukua, nimechukua,
mwenye mali anifuate.
Panda, panda, panda!"

Watu wakainua vichwa mashambani. Watoto wao hao, mlimani, kwa mtani. Wakasema, mwaka huu huyu mwanamke atatudai ng'ombe. Wakatupa majembe, wakamfuata, wengine wanacheka, wengine wananung'unika. Hata Mzee Mtulia akakunja shuka lake, kwa ajili ya mjukuu. Wakampita Mwahija njiani.

"Mwahija, huendi kukomboa?"

"Nikomboe nini? Mwanangu yuko kwa bibi yake. Mama yangu hanidai mimi. Ngoja nimalizie mstari wangu."

Wakaona anasema kweli. Wakampita.

Juu kule Somoe alisimama mlangoni kwa Mbonde. Kila mzazi aliyefika alimpa mtoto wake mkononi. Hakudai jogoo, hakudai ngoma, hakudai kitu. Watu wakaanza kutazamana. Mtani asiyedai hawajawahi kumwona. Kicheko kikaisha kidogo kidogo, hadi wa mwisho akafika, na Somoe akawa amebaki na mtoto mmoja tu mgongoni.

"Mwahija yuko wapi?" akauliza.

"Yuko chini. Anapanda."

"Anapanda?"

"Anapanda."

Somoe akafurahi, akaitazama njia. Njia ilikuwa tupu. Akauliza mara ya tatu, na safari hii sauti ilitoka ndogo. "Anapanda wapi?"

"Shambani," wakasema. "Mbegu."

Hapo ndipo walipousikia mto.

Msiitikie. Sitaki ndege sasa.

Somoe alimshusha mtoto, akateremka mbio. Mbonde akamdaka, akamponyoka. Mzee Mtulia akamdaka, Somoe akamwuma mkono. Ilibidi wamwangushe chini wamlalie, naye anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeeleza jambo dogo, "Niacheni, hajanielewa. Hajanielewa mtoto. Nimemwambia vibaya." Na chini yao bonde lote lilikuwa maji, kutoka ukingo hadi ukingo, na dungu hata moja halikuonekana.

Mgeni alikaa siku nyingi safari hiyo. Alipoondoka wakashuka kumtafuta Mwahija, wakamkuta kwenye matete, pale pale ndege alipokuwa akijenga zamani. Kanga yake ilikuwa bado kiunoni, imefungwa fundo, na ndani ya fundo mlikuwa na mbegu zake. Zilikuwa zimeanza kuota.

Makaburi ya Topejema yalikuwa yamefunikwa na mchanga, kwa hiyo wakampandisha mlimani, kwa mjomba wake. Wakachimba. Wakamleta. Wakafika pale ambapo kwa desturi yao mtani huingia kaburini, na watu wote, bila kujua wanafanya nini, wakageuka kumtafuta Somoe.

Somoe alikuwa amekaa chini na wafiwa, kanga kichwani. Mama wa maiti hatanii. Kaka zake wa mlimani ndio hao wajomba, nao wamefiwa. Hapakuwa na mtani. Watu wakasimama na majembe yao.

Mzee Mtulia akavua kofia. Akavua viatu. Akashuka kaburini taratibu, kwa magoti yake mabovu, akajilaza chali.

"Sitoki," akasema.

Mzee ambaye hajawahi kucheka, amelala kaburini na mkono aliotafunwa umefungwa kitambaa.

"Nimesema sitoki. Hapa ni pazuri, pana kivuli, na udongo wenyewe si mbaya kama walivyosema. Nilipeni."

Somoe akafunua uso. "Tukulipe nini, mzee? Kuku wako wote wamekwenda na maji, na wewe mwenyewe hulingani na kuku."

"Sitaki kuku. Nataka shamba. Mbonde, unasikia? Nyie watani mna mlima mzima, na kazi yenu kupanga mawe tu. Nipeni mahali nilime na watu wangu, la sivyo nalala humu, na binti yenu mtamtafutia kwingine."

Mbonde alikuwa analia waziwazi. Kwa siku zote zile mzee wa bondeni hakuweza kuomba ardhi. Angeomba kwa mdomo gani, baada ya kuwacheka? Sasa ameomba kwa mdomo pekee uliobaki. Mbonde akajipangusa pua.

"Toka, baba," akasema. "Tutawapa. Mkifa wote kule chini, tutamtania nani?"

Somoe akacheka. Alicheka kidogo tu, na kicheko chenyewe kikageuka njiani kikawa kitu kingine, na watu wote wakalia naye. Mzee Mtulia akanyoosha mkono, wakamvuta. Kisha wakamzika Mwahija.

Basi Topejema ikahamia mlimani. Msidhani waliishi raha. Udongo wa kule ni mchoyo. Walijifunza kupanga mawe hadi kucha zikatoka, walikula mtama unaokwaruza koo hadi koo likazoea, na vipando vya mihogo walikwenda kuomba mara ya pili, kwa aibu. Tope hawakuliacha kabisa. Mgeni akishaaga kweli kweli, hushuka wachache, wakapanda mbegu zinazokomaa upesi, na mmoja wao hakai kulima. Anakaa juu ya dungu na debe, macho mtoni. Debe likilia, kila mtu anaacha jembe hapo lilipo. Hakuna anayemalizia mstari. Na mbegu zote hawazishushi. Sehemu hubaki juu, ghalani kwa Mbonde.

Zile mbegu za kwenye fundo Somoe alizitia nyuma ya mawe, moja moja, kwa vidole. Chache zilishika.

Na neno lile kule hakuna anayelisema tupu. Ukisema "napanda", hata kama una jembe mkononi, hata kama uko katikati ya mtaro, lazima mtu atakuuliza: "Unapanda ipi?" Mtoto mdogo anaulizwa. Mpita njia anaulizwa. Ukikasirika utakuwa wewe ndiye wa kuja.

Somoe aliendelea kutania watu, maana aliombwa. Lakini ndege akiimba alinyamaza, na jioni alikaa juu ya jiwe la mwisho, penye njia inayotoka bondeni. Sikudhani alikua, akawa na uso wa mama yake, akawa miongoni mwa wale wanaoshuka kulima tope. Siku akishuka, bibi yake haingii ndani hadi arudi.

"Sikudhani!" huita kutoka pale jiweni.

"Napanda, bibi!"

"Unapanda ipi?"

Na kutoka chini kule, kwenye kona ambako mtu bado haonekani, sauti hujibu:

"Ile ya kuja kwako, bibi. Ile ya kuja kwako."

Mtungi wangu huo.

— Umekauka?

Umekauka. Kilichobaki ndani ni tope.

— Tupe, tukaoteshe.

Kagawaneni. Aliye bondeni alale na macho, aliye mlimani asogee kidogo.